Mkono wa Moyo

Mke wa Mkono wa Goti alijikata kidole akimenya viazi. Mumewe, mpasuaji mwenye miaka kumi na miwili kazini, alisimama pale jikoni akikitazama kidole kinavyovuja, akakifunga kwa kitambaa cha kufutia vyombo, kisha akampakia mkewe kwenye gari na kumpeleka hospitalini akapange foleni kama mgonjwa mwingine yeyote. Kidole kilihitaji nyuzi mbili tu. Hospitali nzima ilicheka wiki mbili, na Mahiza Shekolowa alicheka kuliko wote, mpaka akaegemea ukuta. Wakati huo alikuwa na miezi saba tangu atiwe muhuri, na mambo haya bado aliyaona ya kuchekesha.

Katika Hospitali ya Kwemhina, juu kabisa milimani Usambara, mpasuaji hakuitwa kwa jina la baba yake. Aliitwa kwa kiungo chake. Kulikuwa na Mkono wa Goti, Mkono wa Jicho, Mkono wa Uzazi, na Gendo, ambaye alikuwa Mkono wa Tumbo. Mahiza alikuwa Mkono wa Moyo, na hapo bado wamempunguzia maneno, maana kwenye karatasi alikuwa Mkono wa Milango ya Moyo. Mishipa inayouzunguka huo moyo ilikuwa mali ya mtu mwingine.

Muhuri wenyewe ulikuwa nyuzi mia mbili na kumi na mbili, nyembamba kuliko unywele, zilizopitishwa chini ya ngozi kutoka kisogoni hadi ncha za vidole. Ilikuwa kazi ya saa tatu. Unalazwa hujui kitu, unaamka mikono yako imekwisha kufanya operesheni elfu tisa, zote za kiungo kimoja, zilizokusanywa kutoka kwa mabingwa ambao wengi wao walikuwa kaburini. Na ili asizuke tena mpasuaji wa kujiamini kupita kiasi, muhuri ulikuwa na kufuli. Ukishika kisu au sindano ya kushonea ukaigusa nyama isiyo yako, vidole vinakaza, na vikishakaza havikusikilizi hata ulie.

Usidhani ulikuwa ulaghai. Zamani, kati ya watoto mia waliofunguliwa moyo, saba hawakurudi kwa mama zao. Sasa kumpoteza hata mmoja lilikuwa jambo la kuitisha mkutano. Sharti lilikuwa moja tu, kwamba muhuri utiwe mapema, mwezi wa nne wa kusomea ubingwa, kwa sababu mkono uliokwisha kujifunza hili na lile hauupokei vizuri. Ndiyo maana wanafunzi wa miezi mitatu ya kwanza hawakufundishwa chochote. Walizungushwa mawodini wakibeba mafaili, na kisu walikiona kwa mbali.

Mahiza peke yake ndiye aliyeponyoka, kwa bahati au kwa mkosi, mpaka leo hajui lipi. Alipoanza masomo alimkuta mzee Kupaza, mpasuaji wa mwisho asiye na muhuri, amebakiza miezi mitatu kustaafu na hana wa kuzungumza naye. Mzee akamwingiza chumba cha upasuaji kinyume cha utaratibu. Akamfungulisha tumbo mara mbili. Mara ya pili walikuta kidonda kimetoboa utumbo karibu na tumbo la chakula, na mzee akaweka mkono wake juu ya mkono wa Mahiza, wakaliziba tundu pamoja kwa kipande cha mafuta ya tumboni, taratibu, huku mzee akimnong'oneza, "Usivute uzi, mwanangu, ulaze." Mahiza alikuwa na miaka ishirini na saba na alijiona amezaliwa upya. Mwezi uliofuata akatiwa muhuri wa moyo.

* * *

Mzee Singano aliletwa saa tatu asubuhi, siku ya mvua, akiwa amekunjama kwenye machela. Alikuwa fundi cherehani kutoka kijiji cha ng'ambo ya bonde, mtu wa miaka sitini hivi, na maumivu yalikuwa yamemwanza jana yake mchana akiwa kwenye kiti chake cha kazi. Alikuwa amevumilia usiku kucha kwa maji ya tangawizi. Mkewe aliachwa njiani, kwa sababu mlima ulikuwa umemeguka na kuifunga barabara, na walioweza kuuvuka udongo ule walikuwa vijana wanne waliombeba.

Mlangoni pale hapakuwa na mtu wa kumsikiliza. Kulikuwa na Mpokezi, mashine yenye sauti ya upole ya kike, iliyomuuliza mgonjwa anaumwa wapi na kumpeleka kwa mkono unaohusika.

"Chembe cha moyo," mzee Singano akasema kwa taabu. "Hapa, chembe cha moyo. Kama nimechomwa kisu."

Kila mtu aliyelelewa na mama anayezungumza Kiswahili anajua chembe cha moyo ni wapi. Ni pale katikati, chini ya kidari, mahali unapopigwa ngumi ukakosa pumzi. Moyo wenyewe hauko hapo. Lakini waliomfundisha Mpokezi walimpa orodha ya viungo, na kwenye orodha ile moyo ni moyo. Basi akamwandika mzee kwa Mkono wa Moyo. Na kwa kuwa orodha ya Mkono wa Tumbo ilibaki tupu asubuhi ile, dakika ishirini baadaye Gendo akapandishwa ndege-tiba akapelekwa pwani, ambako walikuwa na mgonjwa wa utumbo uliojisokota. Alipita na begi lake hatua tano tu kutoka kwenye machela ya mzee Singano. Walipishana.

Mahiza alikuwa wodini kwa watoto. Alipofika kwa mgonjwa aliyeandikiwa, ilikuwa yapata saa nne.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nisaidie."

Akausikiliza moyo. Ulikuwa unakimbia, lakini ulikuwa moyo mzuri, milango inafunga sawasawa, moyo ambao angeutamani kwa watoto wake wote wa wodini. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao, na mzee akapiga kelele.

"Baba, ulimwambia Mpokezi unaumwa wapi?"

"Si nimemwambia? Chembe cha moyo."

Mahiza akaelewa yote kwa mara moja. Akatoka nje akampigia Gendo.

"Uko wapi?"

"Pwani, nimeshanawa mikono, ndiyo naingia. Kuna nini?"

"Nina mzee hapa, tumbo limetoboka. Tangu jana mchana."

"Haiwezekani! Nilikuwa nimekaa hapo mlangoni nakunywa chai. Nikaambiwa sina mtu!"

"Alisema chembe cha moyo."

Gendo akatukana, si mtu, wala si mashine, alitukana tu. "Huyu hapa hawezi kusubiri, ameshapigwa usingizi na muuguzi ananiangalia. Nikikimbia sana, saa nane, na ndege nayo imetumwa kwingine mpaka mchana."

"Saa nane ukungu umeshafunga. Ndege haitui."

"Najua."

"Basi?"

"Muwekee mpira wa pua, mpe dawa na dripu, na muombee dua. Mahiza, samahani. Naingia."

Alifanya yote aliyoagizwa. Akawaendea na wenzake. Mkono wa Goti alitikisa kichwa kabla hajamaliza kueleza. Mkono wa Uzazi, ambaye kila siku alikuwa akifungua matumbo, akamjibu kwa huzuni ya kweli, "Dada, kitovu ndio mpaka wangu. Ukinipandisha juu ya hapo nakuwa gogo."

Mahiza akarudi kwa mzee, akampiga sindano ya ganzi ubavuni, hiyo muhuri uliiruhusu, halafu akachukua kisu kidogo. Hakutaka kulifungua tumbo. Alitaka kupitisha bomba tu, uchafu upate pa kutokea, mzee asogezwe saa chache mbele. Kisu kikagusa ngozi. Vidole vikakaza. Alivitazama vikiwa vyeupe, vimeking'ang'ania kisu kama vya maiti, na ikabidi muuguzi amfungue kidole kimoja kimoja.

"Vipi?" mzee akauliza.

"Mkono umekataa, baba."

* * *

Fundi Tunu, mwanamke mnene mwenye miwani ya kusomea iliyofungwa kwa uzi, ndiye aliyekuwa akitunza mihuri ya hospitali nzima. Alikuwa na chumba kidogo karibu na jengo la jenereta. Mahiza hakupiga hodi.

"Nizimie muhuri."

Tunu akavua miwani. "Rudia."

"Nizimie. Ni dakika ngapi?"

"Robo saa. Lakini unajua hauwashwi tena. Nyuzi zikifa ndani, mishipa ya fahamu inafanya kovu. Hakuna muhuri wa pili, wa moyo wala wa ukucha."

"Najua."

"Utabaki na mkono gani?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Angebaki na mkono wa yule msichana wa mwezi wa tatu, aliyeziba tundu moja maishani mwake, tena akiwa ameshikwa mkono na mzee Kupaza. Alilijua tundu lile. Alilijua kwa kichwa, kwa macho, hata kwa harufu yake. Akijitahidi, mzee Singano angekuwa na nusu ya nafasi, pengine zaidi.

"Na wale watoto wako?" Tunu akauliza kwa sauti ya chini.

Walikuwa kumi na mmoja. Mikono mingine ya milango ya moyo nchini ilikuwa minne, na foleni ya kila mmoja ilikuwa ya miaka miwili. Watoto saba kati ya wale wangeweza kusubiri kwa shida. Watatu, pengine. Wa kwanza kwenye orodha, Amriya, aliyekuwa apasuliwe kesho yake saa mbili asubuhi, hakuwa amebakiza hata miezi miwili ya kuishi.

"Sikuzimii bila mkuu kusema," Tunu akamaliza. "Usinitie kwenye hilo, mwanangu."

Mkuu wa hospitali, Daktari Hoza, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyeogopa karatasi. Alimsikiliza Mahiza mpaka mwisho akiwa amesimama dirishani, ambako ukungu ulikuwa umeshaanza kuimeza misonobari ya chini.

"Sikukatazi," akasema.

"Kwa hiyo unaruhusu, mkuu?"

"Sijasema hivyo. Mkono ni wako." Akageuka. "Lakini kabla hujafanya lolote, nenda kamwambie mama yake Amriya. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Ana haki ya kujua."

Ilionekana ni busara. Mahiza mwenyewe, kwa aibu yake, alihisi mzigo umepungua kidogo alipokuwa akishuka ngazi, na baadaye ni huko kupungua kwa mzigo ndiko alikokukumbuka kuliko kitu kingine chochote.

* * *

Mama Amriya alikuwa amekaa kwenye benchi la baraza la wodi ya watoto, binti yake katikati ya magoti, akimsuka. Alikuwa amefika nusu ya kichwa. Midomo ya mtoto ilikuwa na ile rangi ya zambarau iliyoivia mtini, na kila baada ya neno moja alipumzika.

"Daktari, ninasukwa, nipendeze, kesho."

"Unapendeza tayari, Amriya. Nenda kanichukulie faili lako kwa dada muuguzi. Taratibu, usikimbie."

Mtoto alipoondoka, Mahiza akakaa kando ya mama. Akaeleza. Alieleza vizuri mno, kwa mpangilio, kama aliyekuwa kwenye mtihani. Alisema kuhusu mzee, tundu, muhuri, robo saa, na kwamba nyuzi haziwashwi tena. Mama Amriya alikuwa ameshika kitana kwa mikono yote miwili.

"Kwa hiyo ukimtibu huyo mzee," akasema, "kesho hakuna."

"Hakuna."

"Na kesho kutwa?"

"Kwangu mimi, hakuna tena."

"Na yeye, usipomtibu?"

"Hatafika jioni."

Mama alitazama mlango alioingilia mtoto. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mwenye kanga iliyofifia kwa kufuliwa.

"Binti yangu ana miaka sita," akasema mwishowe.

Amriya akarudi na faili, akaingia katikati ya magoti ya mama yake, na mama akaanza tena kusuka. Mstari ukapinda.

"Asante, mama," Mahiza akasema, akaondoka. Hakupita tena kwa Tunu.

* * *

Mzee Singano alikuwa na akili zake timamu, na hilo lilifanya mambo yawe magumu. Dawa za maumivu zilikuwa zimemlainisha, na mpira wa puani ulimfanya azungumze kama mwenye mafua.

"Nieleze basi, ni nini kimenipata?"

"Kidonda kimekutoboa ndani, baba. Karibu na tumbo la chakula. Uchafu unamwagika."

"Tundu lenyewe kubwa kiasi gani?"

Mahiza akafikiri namna ya kumwambia. "Kama tundu la kifungo."

"Cha koti au cha shati?"

"Cha shati."

Mzee akamtumbulia macho. "Tundu la kifungo cha shati! Mimi nafunga matundu hayo arobaini kwa siku, na huku naongea na watu. Hamna mtu wa kushona hapa?"

"Yupo mmoja. Yuko pwani, na ukungu umefunga."

"Na wewe? Nimeona vidole vyako. Vile ni vidole vya fundi, mimi nawajua."

Angeweza kumdanganya. Waongo wazuri walikuwa wengi pale hospitalini, tena wanaodanganya kwa huruma, na mgonjwa akafa ametulia. Lakini alikuwa ameshamtwisha mtu mmoja ukweli asubuhi ile, na akaona haifai kumficha yule ambaye maisha yalikuwa ni yake. Akamweleza yote, mpaka mtoto wa miaka sita.

Mahiza alitumaini, Mungu amsamehe, kwamba angesema neno zuri. Kwamba angesema yeye ameshaishi, mtoto aishi. Wazee wa kwenye hadithi ndivyo wanavyosema.

"Kwa hiyo unaweza," akasema mzee Singano.

"Ningeweza kujaribu."

"Na umekaa hapa unaniangalia nife."

"Ndiyo, baba."

"Mke wangu yuko ng'ambo ya ule udongo. Ana shati la bwana harusi mezani, mkono mmoja haujaunganishwa. Anajua narudi kesho." Akamgeukia Mahiza. "Mimi sitaki kufa, mwanangu. Usije ukawaambia watu nilikubali. Sikukubali."

"Sitawaambia."

"Andika."

Mahiza akachukua faili na kuandika mbele yake, kwa mwandiko mzuri uliosomeka, kwamba mgonjwa ameelezwa na hakukubali. Mzee akadai asomewe. Akasomewa. Akafumba macho, machozi yakamtiririka kuelekea masikioni, na Mahiza akayafuta kwa shashi.

Kufikia saa tisa homa ilikuwa imempanda na maneno yakaanza kuchanganyika. Alizungumza na mteja fulani aliyenenepa baada ya kupimwa, akamlaumu sana. Kisha akamshika Mahiza kifundo cha mkono.

"Umekaa?"

"Nimekaa."

"Usiende, basi. Kama hushoni, angalau usiende."

Hakwenda. Walimwita mara mbili wodini akakataa. Alikaa mpaka saa kumi na moja kasoro, mkono wa mzee ulipomwachia wenyewe. Nje ukungu ulikuwa mweupe kabisa, huwezi kuliona hata jengo la jenereta, na Gendo alikuwa amepiga simu tangu saa saba na nusu kusema amemaliza, yuko huru, ndege ipo na rubani anatazama tu mlima.

* * *

Kesho yake saa mbili asubuhi Mahiza alimfungua Amriya. Hakuwa amelala na hakuwa amekula. Alikuwa na hofu kwamba mikono ingemwaibisha, na kwa namna fulani alikuwa akiomba imwaibishe, ionyeshe kwamba na yenyewe ilikuwepo jana. Mikono haikujua lolote. Ilifanya kazi yake dakika mia moja na kumi, kwa utulivu wa watu waliokwisha kufa, ikaurekebisha mlango wa moyo ule mdogo mpaka ukafunga bila kuvujisha tone. Muuguzi alisema hajawahi kuona kazi safi namna ile.

Baada ya wiki tatu Kamati ya Mipaka, iliyosimamia eneo la kila mkono, ikaketi. Daktari Hoza alimsomea matokeo ofisini, haraka haraka, kama mtu anayetaka dawa chungu ipite.

Kamati iliona kwamba Mpokezi alisikia neno moyo, na ni kweli neno moyo lilitamkwa. Kosa la mashine halikuthibitika. Kamati iliona kwamba marehemu hakujieleza kwa ufasaha. Kamati ilisikitishwa na jambo moja tu, nalo ni kwamba Daktari Shekolowa alipata mashaka na kupoteza saa mbili akitafuta namna ya kutoka nje ya eneo lake, mashaka yaliyotokana na kufundishwa mambo ya tumbo kabla ya muhuri. Daktari asiyejua lolote kuhusu tumbo asingepata mashaka. Kwa hiyo ilipendekezwa kwamba kuanzia mwaka ujao muhuri utiwe siku ya kwanza ya masomo ya ubingwa, kabla mwanafunzi hajaingia wodini, na maeneo yagawanywe upya yawe madogo zaidi. Moyo wenyewe ungekuwa na mikono sita.

"Na maandishi ya mgonjwa?" Mahiza akauliza. "Kwamba hakukubali?"

"Yamesomwa."

"Na?"

"Hayakuonekana kuwa ya kitabibu." Hoza akamsogezea karatasi. "Unatakiwa usaini kwamba umeelewa. Usiposaini, wanakusimamisha mpaka rufaa iishe. Mwaka mzima, labda. Nimehesabu, una watoto kumi kwenye orodha."

Mahiza aliitazama kalamu. Alitaka kuuliza kama kuna mtu yeyote wa kumwambia, mtu wa juu zaidi, lakini alijua angepelekwa kwa Mkono wa kiungo kingine. Akasaini. Hoza akashusha pumzi na kumuuliza kama angependa chai.

* * *

Amriya aliletwa kliniki wiki ya sita. Alikuwa ameongezeka uzito, na midomo yake ilikuwa ya kawaida kama ya mtoto mwingine. Mahiza alipomaliza kumpima, mtoto alitoka nje na kuanza kukimbia barazani kutoka nguzo hadi nguzo, akihesabu kwa sauti kubwa, bila kupumzika kati ya namba.

Mama yake hakutoka naye. Alisimama mlangoni, mkoba kifuani.

"Daktari, nina neno moja, kisha naenda."

"Karibu ukae, mama."

"Sikai. Nashukuru kwa mtoto. Kila sala nakutaja, hilo ulijue." Akavuta pumzi. "Lakini siku ile ungeamua mwenyewe."

Mahiza akaweka chini kipimo.

"Mimi sikusoma," mama akaendelea. "Wewe umesoma, una mkuu wako, una mashine zinazozungumza. Mkashindwa wote, ukaja kunitafuta mimi kwenye benchi, nasuka mtoto. Ulitaka mama wa mtoto mgonjwa akujibu nini?"

"Sikujua la kufanya."

"Ulijua. Ulikuja umeshaamua, ulitaka tu mtu mwingine alitamke." Hakupandisha sauti. "Na mimi nikalitamka. Sikusema afe, lakini si ndivyo nilivyosema?"

Mahiza alikuwa na majibu mengi ya kitabibu, na mengine ya dini, na hata moja halikuwa la kweli. Moyo wake ulimuuma kwa namna ambayo hakuna mkono uliofundishwa kuitibu, na alijua kwamba ataishi nayo, na kwamba mwanamke huyu naye ataishi nayo, na kwamba kosa hilo, tofauti na yale mengine yote, lilikuwa lake peke yake.

"Nisamehe, mama," akasema.

"Nikusamehe, halafu? Mwanangu akikimbia hivi, badala ya kufurahi, namwona yule mzee. Sikuwahi hata kumtia machoni, sijui alikuwa mrefu au mfupi. Nimemtungia sura mwenyewe."

"Sura gani?"

"Ya baba yangu," akasema Mama Amriya.

Akamwita mtoto, akamwambia amuage daktari. Amriya akaaga kwa haraka akiwa bado anatweta kwa furaha, na mama yake akamshika mkono, wakaenda kupanga foleni ya dawa.